Wimbo Uliopita Mtaani

Nimekuwa fundi mitambo wa redio kwa miaka mingi, na filamu niliyoitazama kuliko zote ni American Graffiti. Kinachonirudisha kwake ni sauti. Wimbo unasikika kwa mbali, unasogea, unapita na gari, unapotelea kwenye kona, kisha unaupokea tena dirishani mwa gari jingine. Nilikulia Tanga, wakati redio karibu zote za mtaani kwetu zilikuwa zimefunguliwa stesheni moja, Redio Tanzania. Jioni nikitumwa dukani, wimbo niliouacha nyumbani niliukuta kwa jirani, tena kwa kinyozi, na nikifika dukani sijapoteza hata ubeti. Nilipoisikia filamu ile mara ya kwanza nilisema: aliyechanganya sauti hizi ametumwa dukani kama mimi.

George Lucas, mwongozaji wa filamu hiyo, alizaliwa Modesto, California. Vijana wa huko walikuwa na desturi ya kuzunguka na magari usiku kwenye barabara kuu, polepole, kwenda na kurudi, redio zikiimba, wakitafutana na kutambiana. Aliona desturi hiyo inatoweka, akaifanyia filamu. Hadithi ni ya usiku mmoja tu, mwisho wa kiangazi cha 1962. Curt, Steve, Terry na John, kila mmoja ana lake. Wanakutana, wanaachana, wanapishana barabarani. Kinachowafunga pamoja ni mtangazaji mmoja anayesikika katika kila gari: Wolfman Jack, mtangazaji wa kweli, ambaye sauti yake iliwafikia vijana wa Marekani kutoka stesheni zenye nguvu nyingi zilizojengwa ng'ambo ya mpaka, Mexico.

Pesa zilikuwa haba. Kampuni ya filamu ya Universal ilitoa dola 777,000 hivi. Walipiga picha majira ya kiangazi ya 1972, usiku baada ya usiku kwa muda wa kama mwezi mmoja. Mapema tu mji wa San Rafael, walikoanzia, ukafuta ruhusa, wakahamia Petaluma. Lucas alikuwa ameandika kila tukio na wimbo wake, akisikiliza santuri zake za ujanani. Haki za nyimbo zaidi ya 40 zilimeza kama dola 90,000. Kampuni yenye rekodi za Elvis haikukubali bei waliyopewa wengine, ndiyo maana Elvis hasikiki humo hata mara moja. Pesa za kumlipa mtunzi wa muziki mpya hazikubaki.

Basi nyimbo hizo za zamani zikabebeshwa kazi yote, na hapo ndipo ninapomvulia kofia Walter Murch, yule aliyechanganya sauti. Alizipanga pamoja na sauti ya Wolfman kama kipindi kizima cha redio cha saa mbili hivi. Kisha yeye na Lucas wakatoka nacho uani. Mmoja akawa anageuza spika taratibu huku na huku, mwenzake anageuza kipaza sauti kwa mwendo wake mwenyewe, mara vinatazamana, mara vinapeana kisogo. Walirekodi hivyo zaidi ya mara moja. Kwenye kuchanganya, watu wakizungumza, muziki wa uani unashika nafasi na kukaa nyuma yao, barabarani. Wakinyamaza, ule safi unarudi mbele. Wimbo wa studio hauna mahali. Kuta ndizo zinazoupa mahali.

Nililijaribu jambo hilo katika mchezo wa redio. Nilipeleka spika chini ya ngazi, nikapandisha kipaza sauti ghorofani. Mwigizaji aliyesikiliza kanda aliniuliza hiyo ni nyumba ya nani.

Filamu ilitoka Agosti 1973, ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 Marekani, na santuri mbili za nyimbo zake 41 zikanunuliwa sana. Ninazo. Zimerekodiwa safi, kama zilivyotoka studio, na kwangu hilo ni pungufu. Kwa hiyo jioni nyingine naweka spika dirishani, naacha santuri ikizunguka, natoka, natembea hadi kona ya mtaa, nasimama hapo nikisikiliza.