Jinsi ya kutunza okidi ndogo za mitini Kinanie

KINANIE, katika Kaunti ya Machakos, si mahali ambapo mtu angetarajia kukuta okidi. Ni nyanda kavu karibu na Athi River, zenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata mvua inaponyesha. Hata hivyo, okidi ndogo zinazoota juu ya miti hazina haja na udongo huo. Kinachoziangamiza katika bustani za huko, aghalabu, ni maji ya kisima.

Kenya ina zaidi ya aina 250 za okidi, na sehemu kubwa huishi mitini. Wengi hudhani kwamba hufyonza utomvu wa mti kama kupe afyonzavyo damu. Sivyo. Mti ni makao tu. Chakula hutokana na mwanga, umande, mvua na takataka zilizonasa kwenye gome. Mizizi yake imefunikwa kwa ngozi nyeupe kama sifongo ambayo hunyonya maji upesi na kugeuka kijani. Okidi za jamii ya Microcoelia hata hazina majani: mizizi ndiyo inayofanya kazi yote.

Anayeanza atapendezwa na Aerangis luteo-alba, hasa ile ambayo maua yake meupe yana alama nyekundu katikati na hujipanga safu mbili kwenye kikonyo. Kwao ni katika vijitawi, mara nyingi kando ya mito.

Mche hufungwa kwa uzi laini kwenye kipande cha gome gumu au tawi kavu la mgunga, mizizi ikiachwa wazi. Kuuzika katika mkebe wa udongo ni kuuozesha. Mkaratusi nao haufai, kwa kuwa hubambua gome lake na mche huanguka nalo.

Maji ya visima vya eneo la Athi River huwa na chumvi na floridi nyingi. Yakikauka juu ya mzizi, chumvi hubaki, na baada ya majuma machache ncha huwa nyeusi na kukoma kukua. Mwenye mche hudhani una kiu, akazidisha maji yale yale. Dawa ni maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani wakati wa masika na vuli; miche kumi haimalizi hata lita mbili kwa siku. Mvua ya kwanza iachwe ipite, maana huosha vumbi la mabati.

Nyunyiza asubuhi hadi mizizi igeuke kijani, kisha iache ikauke kabla ya usiku. Januari hadi Machi, upepo unapokuwa mkavu, nyunyizia tena alasiri. Juni hadi Agosti, siku za baridi na mawingu, mara mbili au tatu kwa juma zatosha. Mbolea ya maji itiwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wakati mizizi inakua tu. Neti ya kivuli ni ya lazima, na majani yapanguswe vumbi la barabara.

Miche itoke wapi? Kutoka Kinanie hadi Mlima Ol Donyo Sabuk si mbali, na kishawishi cha kwenda kuchuma huko ni kikubwa. Mlima huo ni mbuga ya taifa tangu 1967. Kung'oa mmea humo bila idhini ni kosa, na biashara ya okidi zote kuvuka mipaka hudhibitiwa na mkataba wa CITES wa 1973. Isitoshe, mbegu ya okidi ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haichipui msituni pasipo kuvu maalumu. Mche uliong'olewa huchukua miaka kadhaa kupata wa kuurithi. Afadhali kununua kwa mkulima anayezalisha mwenyewe, au kuomba kipande kutoka kwa jirani ambaye kichaka chake kimeongezeka.