Bei ya Usiku: Tiba ya Wanyama katika Kisiwa cha Mombasa

Gharama ya kumtibu mnyama usiku, siku ya Jumapili au sikukuu ya Idi katika Kisiwa cha Mombasa haiwezi kuelezwa kwa tamaa ya daktari peke yake, ingawa hiyo ndiyo sababu inayotajwa kwanza barazani kila malipo yanapozungumzwa. Bei hiyo ina historia ya zaidi ya miaka 100, na kiini cha historia hiyo ni kwamba kila chombo kilicholeta utaalamu wa kutibu wanyama kisiwani, iwe ni reli, jeshi au idara ya serikali, kilikuja kwa ajili ya misafara na makundi ya mifugo. Hakuna hata kimoja kilichoundwa kwa ajili ya mnyama mmoja aliyelala uani Kibokoni au Mkanyageni, na ndiyo maana mnyama huyo anapougua ghafla, mwenyewe hubeba gharama yote peke yake.

Kabla ya ukoloni, Mji wa Kale ulikuwa na wanyama wengi kuliko inavyodhaniwa leo. Punda walibeba mawe ya matumbawe, chokaa na maji, wakiwa wametandikwa shogi, yaani mfuko wa ukili wenye pande mbili unaoning'inia mgongoni. Mbuzi walifugwa nyuani kwa maziwa na kwa ajili ya karamu. Na katika miji mingine ya mwambao, kama Lamu na Unguja, ngamia walizungushwa vinuni kukamua mafuta ya ufuta. Farasi walikuwa adimu, kwa sababu bara iliyo karibu na pwani ilikuwa na mbung'o, yule inzi anayeambukiza vimelea vya nagana, ugonjwa unaowakondesha farasi, punda na ng'ombe hadi kufa, na walioletwa kwa jahazi kutoka Uarabuni hawakudumu. Tiba ilikuwa mikononi mwa wenye wanyama wenyewe na wazee wachache wenye uzoefu, na mbinu zake, kama vile kuchoma kiungo kwa chuma cha moto, kutoa damu, kufunga mfupa kwa vijiti na kunywesha dawa za mizizi, zilifanana na zile za Omani na Hadhramaut. Si busara kuupamba wakati huo kupita kiasi, kwa maana mnyama aliyevunjika mguu au kupasuka tumbo alikufa tu. Hata hivyo, saa ya kuugua haikuwa na bei yake, kwa kuwa mtibabu aliishi mtaa uleule, alifika kwa miguu, na alipewa shukrani isiyopangiwa kima.

Ukosefu wa wanyama wa kuaminika ulionekana wazi Waingereza walipoingia. Mwaka 1890 Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandaza upande wa bara reli nyembamba ambayo haikufika mbali, na vyuma vyake vikaishia kutumika kisiwani kwa troli, yaani vigari vidogo vilivyopita juu ya reli vikisukumwa na watu. Kwa miaka mingi, maofisa na matajiri wa Mombasa walisafiri kati ya Mji wa Kale na bandari ya Kilindini wakiwa wameketi chini ya turubai huku vijana wawili au zaidi wakikimbia nyuma yao. Mji ulioweza kuwafanya binadamu wafanye kazi ya farasi haukuwa na haraka ya kutafuta daktari wa farasi.

Ujenzi wa Reli ya Uganda, ulioanzia Mombasa mwaka 1896, ndio uliouleta utaalamu huo kwa mara ya kwanza kwa njia rasmi. Punda, nyumbu, ng'ombe na ngamia waliingizwa kwa wingi ili kubeba maji na vyakula mbele ya wajenzi, na wengi wao walikufa kwa nagana katika nyika iliyo nyuma ya kisiwa kabla kazi haijafika mbali. Robert Stordy, daktari wa mifugo aliyefika Afrika Mashariki katika miaka hiyo na baadaye akaongoza idara ya mifugo ya koloni, alikuwa mtumishi wa mfumo uliohesabu wanyama kwa mamia. Hali ilikuwa hiyohiyo, tena kwa ukubwa zaidi, katika Vita Kuu ya Kwanza. Jenerali Jan Smuts aliposhuka Mombasa tarehe 19 Februari 1916 kuongoza vita dhidi ya Wajerumani, majeshi yalikuwa yakiteremsha farasi na nyumbu Kilindini kwa maelfu, na waliovushwa kuingia maeneo ya mbung'o waliishi kwa muda wa majuma tu. Madaktari wa jeshi waliwapa arseniki, sumu ambayo kwa kipimo kidogo iliaminiwa kuchelewesha ugonjwa, kisha wakaagiza wengine. Kwa jeshi, farasi mgonjwa alikuwa na bei ya kununuliwa mwingine, na hesabu ya kumkesha mmoja hadi alfajiri haikuwa na maana.

Idara ya mifugo iliyokua kutokana na mwanzo huo ilikuwa idara ya maradhi ya kuambukiza. Kumbukumbu ya sotoka, ugonjwa wa virusi ulioangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki kuanzia mwisho wa miaka ya 1880, iliwafundisha watawala kwamba mifugo ikifa, kodi na chakula navyo hufa. Maabara ya Kabete karibu na Nairobi ikawa makao ya utafiti wenye sifa duniani: hapo Eustace Montgomery alieleza homa ya nguruwe ya Afrika katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1921, na mwaka 1931 watafiti Daubney, Hudson na Garnham wakaeleza homa ya Bonde la Ufa. Kichaa cha mbwa, kilichothibitishwa Kenya mwaka 1912, kilipata sheria yake, na sheria hiyo haikumlenga mbwa kama mgonjwa. Ilimchukulia kama hatari, wa kufungwa, kuchanjwa au kuuawa. Kwa upande wa pwani, kituo cha serikali cha kuchunguza maradhi ya mifugo kiliwekwa Mariakani, bara, kwenye njia ya ng'ombe wanaoshuka kuelekea Mombasa, na Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, ikawa na kituo chake Kibarani, nje kidogo ya kisiwa. Ramani hiyo yenyewe yaonyesha nia ya wapangaji: daktari wa serikali alisimama pale ng'ombe walipopita kwenda machinjioni na bandarini. Kazi hiyo ilikuwa njema na ya lazima, ila haikuhitaji mtu wa kuamka saa nane za usiku.

Mnyama wa nyumbani mjini aliachiwa soko binafsi, na soko hilo halikukua popote palipokuwa na wanyama, bali pale palipokuwa na mbwa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waswahili wengi wa Mombasa, mbwa ni najisi, ilhali paka ni msafi na huingia ndani apendavyo. Kwa hiyo mbwa wa kufugwa walikuwa zaidi katika nyumba za Wazungu huko Kizingo, kisha Nyali, na huko ndiko tiba ya kulipia ilikopata wateja. Sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 1953 iliweka usajili na mipaka ya taaluma, lakini haikugusa swali la nani amlipie mgonjwa asiye na tajiri. Paka wa soko la samaki karibu na Bandari ya Kale, wanaolishwa na kila mtu bila kumilikiwa na yeyote, hawakuwa na nafasi katika mpango wowote.

Baada ya uhuru, pengo hilo lilifunikwa kwa muda. Kitivo cha tiba ya mifugo kilikuwa kimeanzishwa Kabete mwaka 1962, na kwa zaidi ya miongo miwili serikali iliwaajiri wahitimu wake moja kwa moja, ikatoa tiba, majosho na uhamilishaji kwa bei iliyofidiwa na hazina. Bwana mifugo, kama wafugaji walivyomwita ofisa wa serikali awe daktari au msaidizi, alipatikana kwa ada ndogo saa za kazi, na jioni aliweza kuombwa kwa heshima na nauli. Mambo yalibadilika mwaka 1988, ajira ya moja kwa moja iliposimamishwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati masharti ya marekebisho ya uchumi yaliyosukumwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine yalipoitaka serikali ijitoe katika tiba na kubaki na udhibiti wa maradhi. Daktari kijana aliyefungua kliniki yake alirithi wagonjwa bila kurithi ruzuku.

Hapo ndipo bei ya usiku ilipopata sura yake ya leo, na ni vyema kuifungua kwa mfano mmoja, wa punda mwenye msokoto wa tumbo, ugonjwa unaowapata punda wa mijini wanaokula mifuko ya plastiki jalalani. Punda hawezi kutapika. Utumbo ukiziba, gesi na maji hujaa, na tumbo laweza kupasuka kabla ya mapambazuko. Daktari anayeitwa huvuka Daraja la Nyali akitoka nyumbani, huacha gari kwa sababu vichochoro vya Mji wa Kale havipitiki, kisha yeye na msaidizi hubeba vifaa kwa miguu. Humdunga mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu, humpitisha mrija puani hadi tumboni ili gesi itoke na mafuta ya kulainisha yaingie, humtundikia dripu kwa lita nyingi, na hukaa naye mpaka mapigo ya moyo yashuke. Dawa hizo nyingi huagizwa kutoka nje, na za dharura huhifadhiwa bila kujua zitahitajika lini, kwa hiyo baadhi hupitwa na muda wake na hutupwa. Zaidi ya yote kuna gharama ya kuwa tayari, yaani malipo ya watu wanaolala na simu kando hata usiku ambao hailii. Mchana gharama ya jengo, friji na msaidizi hugawanywa kwa wagonjwa wengi. Usiku huwaangukia mmoja au wawili. Mnyama akihitaji kupasuliwa, kama mbuzi aliyekwama kuzaa au paka aliyezibwa mkojo, huongezeka nusukaputi na mtu wa pili wa kuangalia pumzi, na kliniki huomba amana kabla ya kuanza, kwa kuwa mnyama akishakufa deni huwa gumu kulipwa. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imerahisisha amana hiyo kuchangwa na ndugu usiku huohuo. Haikuipunguza.

Bima haijasaidia. Bima ya mifugo iliyofungua njia nchini, iliyozinduliwa Marsabit mwaka 2010, hupima ukavu wa malisho kwa setilaiti na kumlipa mfugaji ukame ukizidi kiwango. Hiyo nayo ni hesabu ya kundi.

Mfano wa Lamu hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba tiba inaweza kuwa ya bure, na ni kweli kwamba hifadhi ya punda iliyoanzishwa huko mwaka 1987 kwa juhudi za Elisabeth Svendsen, mwanzilishi wa shirika la punda la Sidmouth, Uingereza, ilitibu punda bila kuwatoza wenyewe. Lakini gharama haikutoweka, ililipwa na wachangiaji wa mbali waliovutiwa na mji usio na magari. Mombasa, yenye malori na tuktuk, haina picha ya namna hiyo ya kuuza.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti huduma za tiba ya mifugo pamoja na ustawi wa wanyama na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika. Mwaka uliofuata, sheria mpya ilizuia mtu asiyesajiliwa kutibu, ikawatambua wataalamu wasaidizi na kuipa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya mamlaka juu ya wote, jambo linalomfanya jirani mwenye sindano, ambaye bado ndiye kimbilio la usiku la wengi, awe mvunja sheria. Mwaka huohuo wa 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa kabisa. Tiba ya makundi ilikuwa imefanya kile ilichoundiwa kufanya.

Kinachoamua leo iwapo daktari ataitwa ni bei ya mnyama mwenyewe, na bei hiyo nayo imeyumba. Machinjio ya punda yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2016 ili kupeleka ngozi China yalimpandisha punda bei na kuchochea wizi. Serikali ikayapiga marufuku mwaka 2020, na mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021. Mwenye mkokoteni ambaye zamani angemwacha punda afe na kununua mwingine kwa akiba ndogo ana sababu mpya ya kupiga simu usiku, kwa kuwa wa kumrithi hapatikani kwa bei ile. Paka wa Mkanyageni hana bei sokoni, na anayemlipia hulipa akijua kwamba hakuna hesabu itakayomrudishia fedha hizo.