Utegemezi na Unyonge katika Sheria za Unguja

Mfasiri apewaye kazi ya kutia katika Kiswahili Azimio la UNESCO la mwaka 2005 kuhusu maadili ya tiba na haki za binadamu hana budi kukwama katika kifungu cha nane. Hapo neno moja limebeba mambo mawili: kwamba kila binadamu anaweza kudhurika, na kwamba wako watu ambao hatari hiyo huwaelemea zaidi, nao wapasa kulindwa. Wepesi wa kalamu humvuta aandike "wanyonge" mahali pote pawili, na nusu ya kifungu hupotea.

Unguja imekwisha kuona sheria iliyoipoteza nusu hiyo. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa Amri iliyozuia mahakama zisisikilize tena dai la bwana juu ya mtumwa. Kifungu cha nne, hata hivyo, kilimtaka aliyetambuliwa kuwa huru aonyeshe kuwa ana makazi maalumu na njia ya riziki, la sivyo atangazwe kuwa mzururaji. Makazi yakiwa katika ardhi ya mwingine, alipe kodi, ambayo yaweza kuwa kazi au mazao.

Tuyapeleke maneno hayo Kizimbani, mojawapo ya mashamba ya mwanzo ya mikarafuu kisiwani, ambalo Seyyid Said alilitwaa kwa Saleh bin Haramil. (Msomaji asidhani ni kizimba cha mshitakiwa, ingawa hapa jina lafaa.) Mtu aliyezeekea chini ya mikarafuu ya shamba la namna hiyo, mgongo umepinda, angelipa kodi kwa mikono ipi? Bwana alikuwa na haki ya kudai fidia. Mzee alitakiwa athibitishe riziki. Masuria, kwa upande wao, waliachwa nyumbani mwa mabwana, wakihesabiwa mithili ya wake, hadi Amri nyingine ya mwaka 1909. Wazee na wagonjwa waliokosa pa kuegemea walipokewa Welezo, katika nyumba ya maskini iliyoendeshwa na wamisionari Wakatoliki. Hatusemi haya kuusifu utumwa. Twasema kwamba aliyeandika Amri alidhani aliye huru ni yule asiyemtegemea mtu, na mtu wa namna hiyo hajapata kuzaliwa.

Dhana hiyo ilipata nguvu mpya katika kiambishi -ji-. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikusudia nchi ijitegemee, nalo liliwataja bayana watoto, wazee na vilema kuwa wana haki ya kulishwa kwa jasho la wengine. Maofisini kiambishi kilibaki na ufafanuzi ukasahauliwa. Tukapata "wasiojiweza", neno ambalo, kwa maoni yangu, ni baya kuliko "wanyonge". Mnyonge ana mwenye nguvu anayemwonea, kwa hiyo neno lamshitaki mtu wa pili. Asiyejiweza hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Katika fomu ya ridhaa ya utafiti kosa hili huwa na gharama. Kifungu cha saba cha Azimio la UNESCO chahusu wasio na uwezo wa kutoa ridhaa. Cha nane ni jambo jingine. Bibi wa miaka themanini anayelishwa na mjukuu wake aweza kuikataa sindano kwa akili timamu. Fomu ikimwita "asiyejiweza", mtafiti atamgeukia mjukuu.

Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, bila kumuuliza kama ni maskini. Huo ni utaratibu uliokubali kwamba uzee ni wa wote.

Basi napendekeza "hali ya kudhurika" kwa maana ya kwanza ya kifungu cha nane, na "walio katika hatari zaidi ya kudhurika" kwa ya pili. "Utegemezi" libaki kwa hali ya kumwegemea mwingine, lisitumiwe kama tusi. "Wasiojiweza" lifutwe katika fomu zote za hospitali na za utafiti.