Susuki: Nyasi Iliyoingia Bustanini kwa Mlango wa Ushairi

Katika diwani kongwe ya Wajapani, Man'yōshū, iliyokusanywa karne ya 8 na yenye tungo zipatazo 4,500, mshairi Yamanoue no Okura aliyataja maua saba ya majira ya majani kupukutika. Mojawapo halina rangi ya kumwita nyuki: ni susuki, nyasi ya mwituni inayoweza kumpita mtu kimo, yenye mashuke ya rangi ya fedha. Okura aliiita obana, yaani ua-mkia. Jina zuri kwa kitu kinachopungapunga kila upepo upitapo.

Heshima hiyo haikuzuka hivi hivi. Kwa karne nyingi wanavijiji waliezekea nyumba zao kwa susuki, kama makuti yalivyowasitiri watu wa Mwambao. Palikuwa na mbuga za kukatia, nazo zilichomwa moto kila mwaka ili miti isizimeze. Usiku wa kuutazama mwezi, mashuke yalitiwa chomboni kando ya vidonge vya unga wa mchele. Vigae na bati vilipoenea, nani tena angechoma mbuga? Miti ikarudi. Leo mbuga za nyasi ni takriban asilimia 1 tu ya ardhi ya Japani. Ile ya Sengokuhara, huko Hakone, ingali ikichomwa, na watalii humiminika kuitazama.

Kuilea bustanini si kazi kubwa. Hutaka jua, hukatwa karibu na ardhi baridi inapokwisha, na tungu lake hugawanywa machipukizi yanapoanza. Mikono ifunikwe, kwani kingo za majani hukata kama msumeno.

Ulaya iliipokea karne ya 19. Mjerumani Karl Foerster wa Potsdam aliitetea nyasi kama pambo, akatoa kitabu chake cha nyasi na kangaga mwaka 1957. Lakini katika baridi ya kaskazini susuki ilichelewa kuchanua, au haikuchanua kabisa, mpaka Ernst Pagels wa mji wa Leer alipozalisha aina zinazowahi.

Mashariki ya Marekani haikuhitaji msaada huo. Mbegu zilipeperuka nje ya nyua, zikaota kandokando ya barabara, na majani makavu yakawa kuni za moto wa nyika. Tangu 2015 jimbo la New York limeiweka miongoni mwa mimea vamizi inayodhibitiwa: yaweza kuuzwa, ila kwa lebo ya onyo.