Habari za Kiwanda cha Mazulia cha LaGrange

Ukiona bomba la kiwanda likitoa moshi mweusi, wajua mara moja kwamba hewa inachafuliwa. Lakini moshi mweusi siyo ubaya wote. Makaa ya mawe, mafuta au gesi vikiungua, hutoka pia hewa isiyoonekana kwa macho wala kunukia puani: ndiyo hewa ya ukaa. Hiyo hupanda juu na kukaa huko miaka mingi sana, ikiizunguka dunia kama blanketi. Joto la jua laingia, lakini likitaka kutoka lazuiliwa. Kwa sababu hiyo dunia yazidi kupata joto, na mvua zinaacha desturi yake.

Viwanda vina sehemu kubwa katika jambo hili. Basi watu huuliza: mwenye kiwanda afanye nini? Afunge mlango na kuwafukuza wafanyakazi? Leo twataka kuwasimulia, wasomaji, habari za mtu mmoja aliyejiuliza swali hilo akiwa na umri wa miaka 60, na yaliyotokea katika kampuni yake kwa muda wa miaka 25. Hatukumchagua kwa kuwa alifaulu katika yote. Hakufaulu katika yote, kama mtakavyoona.

Jina lake Ray Anderson. Alizaliwa mwaka 1934 katika mji mdogo wa West Point, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alisomea uinjinia, akafanya kazi katika makampuni ya watu wengine, kisha mwaka 1973 akaanzisha kampuni yake, Interface, katika mji wa LaGrange, karibu na kwao. Ilitengeneza mazulia, lakini siyo yale marefu yanayokunjwa kama mkeka. Yake yalikatwa vipande vya mraba, vinavyopangwa sakafuni kama vigae. Wenye ofisi kubwa walivipenda, maana kipande kimoja kikichafuka hutolewa peke yake, na kingine kikawekwa mahali pake. Kampuni ikakua upesi.

Zulia la namna hii lafanywa kwa nini? Kwa sehemu kubwa kwa mafuta yanayochimbwa ardhini. Nyuzi za juu ni nailoni, na nailoni hutoka katika mafuta hayo. Mgongo wa chini ni plastiki, nayo vilevile. Tena mashini za kufuma, matanuru ya kukaushia na matangi ya mvuke yote yataka moto au umeme, na umeme wa Georgia siku zile ulitoka kwa wingi katika makaa ya mawe. Yaani kampuni ilikula mafuta kwa mikono miwili: mkono mmoja kwa kuyafanya zulia, mkono wa pili kwa kuyachoma.

Anderson hakuliwaza jambo hilo hata siku moja. Mwaka 1994 wateja walianza kuuliza kampuni yake inafanya nini kwa ajili ya dunia. Wafanyakazi wachache waliopewa kazi ya kutafuta jibu wakamwomba aje kuwahutubia mwezi wa nane, awaeleze mpango wake. Kumbe, mpango hakuwa nao! Alijua kushika sheria ya serikali tu. Siku zile zile akaletewa kitabu cha Paul Hawken, The Ecology of Commerce, kinachosema kwamba viwanda ndivyo vinavyoiharibu dunia, na kwamba ni viwanda tena vyenye nguvu ya kutosha kuitengeneza. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipokisoma alijisikia kama mtu aliyechomwa mkuki kifuani. Akaenda mkutanoni akawaambia watu wake kwamba kampuni itafute njia ya kutoidhuru dunia hata kidogo. Baadaye neno hilo likawekewa kikomo: mwaka 2020.

Wengi walishangaa. Wengine walinong'ona kwamba bwana mkubwa amerukwa na akili. Tusiwacheke watu hao. Fikirini: kampuni yenye wenye hisa wanaongoja faida yao, na wafanyakazi wenye watoto wa kulisha, yaambiwa iache kitu kile kile inachokitumia kwa kila jambo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Hapo ndipo makampuni mengi hushindwa, maana hupenda kuanza na tangazo. Watu wa Anderson walipima vitu vyote vilivyochukuliwa ardhini mwaka 1995 ili kampuni ipate kuuza bidhaa za dolari milioni 802, pamoja na vile vilivyochukuliwa na wale waliowauzia malighafi. Jumla ilikuwa kama ratili bilioni 1.2, yaani zaidi ya tani 500,000. Theluthi mbili za mzigo huo zilikuwa vitu vya jamii ya mafuta na makaa, na sehemu kubwa ya hivyo ilichomwa tu ili kupata nguvu ya kuendeshea kazi. Anderson alipoiona hesabu hiyo alijiita mbele ya watu mnyang'anyi wa dunia.

Kazi ya pili ilikuwa kukomesha upotevu. Waliita upotevu kila kitu kisichomfaa mnunuzi: uzi uliokatika, kipande kilichokatwa vibaya, mashini inayozunguka bure. Tena Anderson akaongeza neno la ajabu, kwamba hata mafuta na makaa yanayochomwa yahesabiwe kuwa upotevu. Wafanyakazi wa mashini wakaulizwa mawazo yao, kwa kuwa aliyesimama mbele ya mashini miaka kumi aijua kuliko mkurugenzi. Kufika mwaka 2009, Anderson alisema kwamba vita hivyo vya upotevu viliiokolea kampuni zaidi ya dolari milioni 400. Fedha hizo ndizo zilizolipia kazi nyingine zote, na ndizo zilizowanyamazisha wenye hisa.

Mfano mmoja wastahili kuelezwa vizuri. Mwaka 1997 kampuni ilikuwa inajenga kiwanda katika Shanghai, nchi ya China. Michoro ya kwanza iliagiza mapompi yenye nguvu ya farasi 95. Injinia wa kampuni, Jan Schilham, Mholanzi, akaichora upya. Akafanya mambo mawili tu. Kwanza akachagua mabomba mapana badala ya membamba. Maji yakipita katika bomba jembamba husuguana sana na kuta zake, na pompi hupoteza nguvu zake kwa kushindana na msuguano huo. Upana wa bomba ukizidishwa mara mbili, maji yakiwa yale yale, msuguano wapungua karibu mara thelathini. Pili, akayapanga mabomba kwanza, yaende moja kwa moja, kisha akaweka mashini mahali mabomba yalipofika. Desturi ilikuwa kuweka mashini kwanza, halafu fundi wa mabomba ajitafutie njia kwa kona nyingi, na kila kona ni mzigo kwa pompi. Ikatosha nguvu ya farasi 7! Na ujenzi wote haukuwa ghali zaidi, maana bei ya mabomba mapana ilirudishwa na udogo wa mapompi. Hapakuwa na uvumbuzi wo wote mpya. Tangu zamani mainjinia wote waliyajua haya kutoka shuleni.

Mwaka 2000 ukaja msaada kutoka kwa mchoraji wao, David Oakey. Yeye na wenzake walikuwa wameangalia ardhi ya msituni, wakaona kwamba majani yaliyoanguka hayafanani hata mawili, na bado macho yaridhika. Wakatoa zulia, jina lake Entropy, ambalo vipande vyake havifanani wala havina juu na chini. Fundi huvipanga apendavyo. Vipande vya kutupwa vikapungua, na kila kipande kisichotupwa ni mafuta yasiyochimbwa.

Halafu moto wenyewe. Takataka za mji wa LaGrange zilikuwa zikioza katika jalala na kutoa methani, gesi inayolifunga joto kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Kampuni ikapatana na mji, gesi hiyo ikapitishwa katika bomba mpaka kiwandani ikachomwe mahali pa gesi ya ardhini. Huko Scherpenzeel, Uholanzi, tangu mwaka 2014 kiwanda chao chatumia umeme usiotoka katika makaa, na gesi iliyopatikana kwa mabaki ya samaki.

Si kila shauri lilifaulu. Walijaribu kukodisha mazulia badala ya kuyauza, ili zulia kuukuu lirudi kiwandani na kufanywa jipya. Wazo zuri, lakini wateja karibu wote walikataa. Vitabu vyao vya hesabu havikuwa na mahali pa kuandika kodi ya zulia.

Anderson alikufa mwezi wa nane mwaka 2011, kabla ya kikomo alichokiweka. Mwaka 2019 kampuni ilitangaza kwamba gesi zinazotoka katika viwanda vyake vya mazulia zimepungua kwa asilimia 96 kulinganisha na mwaka 1996. Hapa msomaji awe na macho. Kwanza, sehemu ya hesabu hiyo yategemea hati: kampuni hulipia umeme wa jua au wa upepo uliofanywa mahali pengine, nao huandikwa kuwa wake. Pili, asilimia 96 ni ya ndani ya kuta za viwanda tu. Mzigo mkubwa wa zulia upo katika nailoni, iliyokwisha kutoa gesi zake kwa mtu mwingine kabla ya kufika LaGrange. Ukilihesabu zulia zima tangu kisima cha mafuta, upungufu ni karibu asilimia 70.

Ndiyo sababu kampuni iliwaendea wenye kuiuzia nyuzi. Mmoja wao, Aquafil wa Italia, alifungua mwaka 2011 kiwanda katika Ljubljana, Slovenia, kinachoyeyusha nailoni kuukuu na kuifanya mpya. Nyavu za wavuvi ni nailoni pia. Tangu mwaka 2012 wavuvi wa visiwa vya Ufilipino walianza kukusanya nyavu zilizotupwa pwani na kuziuza, zikasafirishwa mpaka kiwanda hicho.

Kwa gesi zilizobaki, kampuni ilinunua kwa miaka kadhaa vyeti vya miti na kazi nyingine za namna hiyo, ikisema mazulia yake hayana deni la ukaa. Mwaka 2024 ikatangaza kwamba itaacha kuvinunua, na fedha zile itazitia katika nyuzi na migongo ya mazulia yenyewe. Kikomo kipya ni mwaka 2040.