Hesabu ya Siku za Kutokuwapo

Mithali ya Kiswahili humhesabia mgeni siku za kukaa: siku mbili hulishwa, ya tatu hupewa jembe. Sheria ya Uingereza juu ya wahamiaji, tangu mwaka 1962, ilishika hesabu ya namna nyingine. Ilihesabu siku ambazo mgeni hakuwapo. Mtu aliyekwisha kukaa miaka kumi, akafanya kazi, akalipa kodi na kuzaa watoto, aliulizwa bandarini si muda aliokaa, bali muda aliotoka. Kwa hesabu hiyo jamaa nyingi zilitengana. Na nyingine, kinyume cha matumaini ya waliotunga sheria, zilikusanyika katika miji ya Uingereza ambako hapo awali hazikuwa na nia ya kuhamia.

Kabla ya hapo mlango ulikuwa wazi. Sheria ya Uraia ya 1948 iliwafanya watu wa Uingereza na wa makoloni yake kuwa raia wa namna moja, na nchi kama India na Pakistani, zilizokwisha kujitawala, ziliendelea kuhesabiwa katika Jumuiya ya Madola ambayo watu wake waliingia Uingereza bila kizuizi. Meli ya Empire Windrush iliyotia nanga Tilbury mwezi wa Juni 1948 hukumbukwa sana, lakini kwa jambo linaloelezwa hapa yafaa kutazama zaidi wanaume wa Mirpur, Punjab na Sylhet. Watu wa Sylhet walikuwa na desturi ya ubaharia, wakifanya kazi ya tanuri katika meli za Waingereza tangu zamani. Kwao kwenda ng'ambo hakukuwa kuhama. Mtu alikwenda Bradford katika viwanda vya sufu, au Birmingham katika viwanda vya kuyeyushia chuma. Akalala chumba kimoja na wenziwe, pengine kitanda kimoja kwa zamu, huyu akirudi kazini na yule akitoka. Akapeleka fedha kwao. Miaka michache ikipita alirejea kuoa, kujenga au kumzika mzazi, kisha akaenda tena, au akamtuma nduguye ashike nafasi yake. Mke na watoto walibaki kwa wazee. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, waliozoea majahazi yajayo na kaskazi na kurejea na kusi, wasingeona ajabu yoyote katika maisha hayo.

Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1962. Wanahistoria wengi hueleza vocha zake za kazi, na ni kweli kwamba ndizo zilizopunguza watu. Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu kidogo kilichofanya kazi kubwa. Mtu ambaye Uingereza ndiyo makazi yake, au aliyekuwa na makazi humo wakati wowote katika miaka miwili iliyopita, hakuweza kuzuiwa kuingia. Na mke wake, pamoja na mtoto aliye chini ya miaka 16, walikuwa na haki ya kumfuata. Yule aliyepitisha miaka miwili nje hakuwa na ulinzi huo tena. Ndipo kwao kulipogeuka kuwa ng'ambo, na kila mwezi aliokaa na watu wake ukawa mwezi wa kutokuwapo.

Basi mtu wa Mirpur alikuwa na mambo matatu ya kupima. Akirejea kwao akakaa miaka mitatu kama ilivyokuwa desturi, huenda asiruhusiwe kuingia tena. Nduguye hawezi kushika nafasi yake bila vocha. Mke na watoto waweza kuja, lakini watoto hukua, na umri wa miaka 16 haungoji mtu. Sheria iliziba njia ya mwanamume ya kwenda na kurudi, ikaacha wazi njia ya jamaa yake ya kuja; wala si ajabu kwamba watu walipita palipo wazi. Hata kabla haijaanza kutumika, habari zake zilitosha kuwaharakisha: waliofika kutoka Pakistani walikuwa kama 2,500 mwaka 1960, na mwaka 1961 wakawa kama 25,000. Baada ya hapo wakaja wake na watoto. Haitakuwa haki kusema kwamba sheria peke yake ndiyo iliyowaleta. Katika Mirpur bwawa la Mangla, lililojengwa katika miaka ya 1960, liliwaondoa watu zaidi ya 100,000 katika ardhi yao, na mtu ambaye shamba lake limo chini ya maji hana haraka ya kurejea. Hata hivyo, watu wa Sylhet hawakufunikwa na bwawa hilo, nao pia, ingawa polepole zaidi, walianza kuleta jamaa zao.

Mwaka 1968 hesabu hiyo ilifika Afrika ya Mashariki, nayo ilikuja kwa sura ya kikatili zaidi, kwa kuwa waliohesabiwa walikuwa raia wa Uingereza wenyewe. Kenya ilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1963, iliwapa wakazi wenye asili ya Asia miaka miwili ya kuomba uraia wake. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasi za Uingereza. Sheria za Kenya za mwaka 1967 juu ya uhamiaji na leseni za biashara zilipowabana, walianza kuondoka. Na Bunge la Uingereza likapitisha kwa siku tatu sheria mpya iliyoanza tarehe 1 Machi 1968. Kwa sheria hiyo pasi haikutosha. Ilipasa mwenye pasi, au mzazi wake, au babu au bibi yake, awe amezaliwa Uingereza au amepatia uraia humo. Fundi cherehani wa Nairobi au mwenye duka wa Kisumu, ambaye katika maisha yake yote serikali aliyoambiwa ni yake ilikuwa ile ya London, alihesabiwa kuwa hakuwapo tangu kuzaliwa kwake. Waliwekewa vocha 1,500 kwa mwaka, kila moja kwa mkuu wa nyumba na wategemezi wake, na mwanamke mwenye mume kwa kawaida hakuhesabiwa kuwa mkuu wa nyumba. Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona mwaka 1973 kwamba ubaguzi huo wa rangi ulikuwa kuwadhalilisha watu. Mpango wa vocha uliendelea hata hivyo, ukafungwa mwaka 2002.

Sheria ya Uhamiaji ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, na kanuni zilizotungwa chini yake, ziliendeleza ile miaka miwili. Kwa wale wa Jumuiya ya Madola waliokuwa wamekwisha kukaa iliweka ahadi kwamba wao, wake zao na watoto wao hawatapoteza uhuru wao wa kuingia na kutoka. Ahadi hiyo ilifutwa kwa Sheria ya 1988. Ilifutwa kwa maneno machache, na wengi waliohusika hawakupata habari.

Mtu aliyetoka na kurudi alipaswa kuthibitisha si haki yake tu, bali hata nafsi yake. Katikati ya miaka ya 1980 kijana mmoja aliyezaliwa Uingereza, ambaye alikuwa amekwenda Ghana kwa baba yake, alirudi kwa mama yake. Maafisa walishuku kwamba huyu siye yule aliyeondoka. Uchunguzi wa damu wa siku hizo uliweza kuonyesha kwamba yeye na yule mwanamke ni jamaa, lakini haukuweza kuonyesha kama ni mama yake au khalati yake. Jambo hilo lilipelekwa kwa Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, aliyekuwa amevumbua mwezi wa Septemba 1984 njia ya kusoma alama za vinasaba. Baba hakupatikana, ikambidi alinganishe alama za kijana na za mama na za watoto wengine wa mama huyo. Ilionekana kwamba kijana ni mtoto wake hasa, na mwaka 1985 serikali ikaacha kumpinga. Njia ambayo leo hutumiwa kuwatafuta wauaji ilitumiwa kwanza kumrudisha kijana kwa mama yake.

Wengine hawakupata mtaalamu wa kuwasemea. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba watu wa Karibi waliokuja Uingereza wakiwa watoto, kwa haki kamili, walikuwa wamenyimwa kazi, matibabu na makazi kwa kukosa karatasi. Miongoni mwao walikuwamo waliokwenda Jamaika kwa mazishi au kumwona mzazi mgonjwa, wakazuiliwa kurudi, wengine kwa miaka mingi. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alijiuzulu mwezi wa Aprili mwaka huo. Uchunguzi wa Wendy Williams uliotangazwa mwezi wa Machi 2020 uliyafuata mambo hayo hadi katika sheria zenyewe za miaka ya 1960 na 1970, na ile ya 1988 ikiwamo.

Ile miaka miwili ya 1962 bado ipo. Mwenye ruhusa ya kukaa daima akipitisha zaidi ya miaka miwili mfululizo nje ya nchi huipoteza, ingawa raia wa Umoja wa Ulaya waliopewa makazi baada ya Uingereza kujitoa wamewekewa miaka mitano. Aombaye uraia huhesabiwa siku 450 za kutokuwapo katika miaka mitano. Aliyeoa au kuolewa na raia, siku 270 katika miaka mitatu. Tena, kwa Sheria ya Uraia ya 1981, mtoto azaliwaye Uingereza hupata uraia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama ni raia au ana makazi ya kudumu. Hivyo mzazi akipoteza makazi yake akiwa nje, hasara yaweza kumfikia mtoto ambaye hajazaliwa bado.

Aliyekwenda kumuuguza mama yake Mombasa au Sylhet akapitisha muda anaweza kuomba viza ya mkazi arudiye. Afisa humuuliza kwa nini aliondoka, kwa nini alikawia, ni jamaa gani aliowaacha Uingereza, ana nyumba au mali gani humo; na pamoja na hayo humuuliza kabla ya kuondoka alikuwa amekaa muda gani.