Celia Cruz, sauti iliyokataliwa redioni

Agosti 1950, barua zilianza kumiminika Radio Progreso, jijini Havana. Wasikilizaji walikuwa wamekasirika. Bendi yao kipenzi, La Sonora Matancera, ilikuwa imeondokewa na mwimbaji wake, Myrta Silva, aliyerudi kwao Puerto Rico, na mahali pake pakawekwa binti wa mtaa wa Santos Suárez ambaye hawakumtaka. Myrta alikuwa na utani na madaha. Huyu mpya sauti yake ilikuwa nzito, inatoka kifuani, na tarumbeta zikilia yeye haogopi kwenda nazo sambamba. Wakaandika kwamba haendani na bendi, kwamba aondolewe.

Kiongozi wa bendi, Rogelio Martínez, alizisoma barua zile na Celia akabaki palepale.

Kikwazo cha pili kilitoka New York. Sidney Siegel, mwenye kampuni ya santuri ya Seeco, aliamini kwamba mwanamke hawezi kuuza santuri ya kuchezwa. Mwanamke aimbe bolero, zile nyimbo za taratibu za mapenzi, na rumba aachiwe mwanamume. Rogelio akampa neno ambalo wenye bendi wachache wangelitoa: turekodi, isipouzika gharama nitazibeba mimi. Desemba 1950 wakaingia studio. Santuri iliyotoka ilikuwa na "Cao cao maní picao" upande mmoja na "Mata siguaraya" upande wa pili, na ilipoanza kupigwa mwaka 1951 Siegel hakuwa tena na la kusema. Binti aliyeandikiwa barua za kufukuzwa alikaa na bendi ile miaka 15.

Wengi wetu tulimfahamu Celia Cruz akiwa ameshakuwa malkia: wigi la rangi, gauni la kumetameta, mikono juu, na ule ukelele wake mmoja unaojulikana dunia nzima. Ni picha nzuri, lakini inaficha kazi. Sauti ile ilikataliwa si mara moja, na kila ilipokataliwa haikubadilishwa ili ikubalike. Hilo ndilo linalonirudisha kwake kila mara.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1925. Baba yake, Simón Cruz, alifanya kazi ya kuchochea makaa kwenye garimoshi. Mama yake, Catalina Alfonso, alikuwa mama wa nyumbani mwenye nyumba iliyojaa watoto, wake na wa ndugu. Celia alikuwa miongoni mwa wakubwa, kwa hiyo jioni alipewa kazi ya kuwabembeleza wadogo walale. Kazi hiyo ilimshinda kwa namna ya ajabu. Akianza kuimba watoto wanakodoa macho, usingizi unapotea, na majirani wanakusanyika mlangoni kusikiliza.

Baba hakutaka mambo ya muziki. Kwake, binti anayeimba usiku mbele ya watu ni fedheha kwa ukoo. Alimtaka awe mwalimu, na Celia akaenda chuo cha ualimu kama alivyoagizwa. Lakini mwaka 1947 binamu yake alimwandikisha kwenye shindano la waimbaji redioni. Alichagua tango ya Argentina iitwayo "Nostalgia", akaiimba huku akigonga klave. Zawadi ilikuwa keki.

Hizo klave inafaa tuzitazame kwa karibu. Ni vijiti viwili vya mti mgumu, vinene kidogo kupita kidole gumba. Kimoja kinalazwa juu ya vidole vilivyokunjwa ili chini yake pabaki uwazi, kingine kinakigonga. Mapigo ni matano: matatu yanatangulia, mawili yanafuata, halafu duara linaanza upya. Wenye bendi za dansi wanayajua mapigo hayo hata kama hawajawahi kuviona vijiti vyenyewe. Katika muziki wa Kuba kila chombo, kuanzia besi hadi tarumbeta, kinajipanga kwa kuyasikiliza, na anayeyakosa anaambiwa yuko nje. Tango haina klave. Msichana wa miaka 21 aliyeiimba tango ya watu na kuifunga kwenye mapigo ya kwao alikuwa ameshaonyesha atakavyofanya maisha yake yote.

Baadaye alisoma muziki katika chuo cha taifa. Mwalimu wake mmoja wa kike alimwambia wazi kwamba kwa kuimba atapata kwa siku moja kile ambacho mwalimu anakisubiri mwezi mzima. Alizunguka Mexico na Venezuela na kikundi cha wacheza dansi, akaimba redioni nyimbo za ibada za Walukumi, watu weusi wa Kuba wenye asili ya Yoruba, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Halafu ndipo Sonora Matancera. Miaka ya hamsini ikawa yake: ukumbi wa Tropicana, redio, filamu, na mwaka 1957 safari ya New York kupokea santuri ya dhahabu kwa wimbo "Burundanga".

Tarehe 15 Julai 1960 bendi nzima ilipanda ndege kwenda Mexico kwa mkataba wa kazi. Castro alikuwa ameshika nchi mwaka mmoja na nusu uliopita. Kwa kumbukumbu za Celia mwenyewe, ndege ilipokuwa angani Rogelio aliwaambia wenzake kwamba safari hii haina kurudi. Mama yake alikuwa amebaki Havana, mgonjwa wa saratani.

Tarehe 7 Aprili 1962 mama huyo alifariki. Celia alikuwa New York akitumbuiza. Aliomba ruhusa ya kuingia nchini kwao amzike mzazi wake, serikali ikamnyima. Usiku ule alipanda jukwaani akaimba, akishuka analia, akipanda anaimba. Nimesoma mengi juu ya mwanamke huyu, na sioni mahali pengine ambapo uimbaji wake unakuwa mzito kwangu kama hapo. Miezi mitatu baadaye aliolewa na Pedro Knight, mpiga tarumbeta wa Sonora Matancera. Hawakujaliwa mtoto. Pedro aliiweka tarumbeta chini akawa msimamizi wa kazi za mkewe, na ndoa yao ilidumu hadi kifo.

Kisha miaka ya kiangazi. Mwaka 1966 alijiunga na Tito Puente, mfalme wa ngoma za timbali jijini New York, wakatoa albamu nane. Kwa uhodari hazina kasoro, sokoni zilidoda. Vijana wa Kilatini pale mjini walikuwa na roki na bugalú yao, na mwanamke wa miaka 40 anayeimba kama Havana ya zamani walimwona ni muziki wa wazazi wao. Wakamkataa kimyakimya, kwa kutomnunua, na huenda kukataliwa kwa namna hiyo kunauma kuliko barua.

Aliyegeuza mambo ni Johnny Pacheco, mpiga filimbi mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, ambaye mwaka 1964 alianzisha kampuni ya Fania pamoja na mwanasheria Jerry Masucci. Fania ndiyo iliyolieneza jina la salsa, yaani mchuzi kwa Kihispania, kwa muziki wa wahamiaji wa New York uliochanganya Kuba, Puerto Rico na jazi. Celia alisema mara nyingi kwamba mchuzi huo kiini chake ni muziki wa Kuba uliopewa jina jipya. Mwaka 1973 alimwimbia mpiga piano wa Fania, Larry Harlow, katika opera yake ya "Hommy" kwenye ukumbi wa Carnegie, na vijana waliokuwa wamempuuza wakaanza kuulizana huyu mama katokea wapi.

Mwaka uliofuata Pacheco akamwingiza studio. Pacheco alikuwa mpenzi mkubwa wa Sonora Matancera. Hakutaka kumfanya Celia wa kisasa, alitaka sauti ileile na mtindo uleule wa tarumbeta, ila upigwe kwa joto la New York. Albamu ikaitwa "Celia & Johnny", na wimbo wa kwanza "Quimbara", utunzi wa kijana wa Puerto Rico, Junior Cepeda. Usikilize unavyoanza. Celia anarusha silabi ambazo hazitaki kamusi, ni mdomo unaopiga ngoma, na ngoma zenyewe zinamjibu. Hakuna kupasha moto wala kubembeleza. Mwanamke wa miaka 48 anaingia kwa kasi ambayo vijana wa kumi na nane walilazimika kuikimbilia.

Septemba ya mwaka huohuo, 1974, alitua Kinshasa.

Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire alikuwa ameandaa pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na kabla ya ngumi palipangwa tamasha la siku tatu, kuanzia tarehe 22, katika uwanja wa Mei 20. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini tamasha halikusogezwa. Watalii waliotarajiwa hawakufika. Uwanja ukawa wa wenyeji. Kwenye orodha walikuwepo James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley Rochereau. Na Fania All Stars, wakiwa na mwanamke mmoja mbele. Kamera zilikuwepo na picha zipo hadi leo: Celia anaimba Kihispania kitupu mbele ya watu wa Lingala, wala hakuna anayeonekana kuhitaji mkalimani.

Hilo lina sababu. Miongoni mwa Waafrika waliouzwa utumwani Kuba wengi walitoka bonde la Kongo, na walivuka bahari na ngoma zao. Miaka ya thelathini santuri za Kuba zenye alama ya GV zikaanza kuuzwa katika miji ya Afrika, kutoka Léopoldville hadi pwani yetu, na wapigaji gitaa wakazidaka kama mtu anayeitambua sauti ya ndugu aliyepotea. Rumba ya Kongo ilitokana na masikio hayo. Kwetu Morogoro, Salum Abdallah aliianzisha bendi ya La Paloma mwaka 1948, na baadaye bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba ujanani alitoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba kujifunza muziki, akaishia Mombasa. Alifariki mwaka 1965. Angeishi miaka tisa zaidi, Kuba ingemfuata hadi nchi ya jirani.

Ule ukelele wake nao una kisa. Mgahawani Miami, mhudumu alimuuliza kahawa yake aiwekee sukari au asiweke. Celia alishangaa Mkuba anawezaje kumuuliza Mkuba mwenzake swali hilo, na kahawa ya kwao ilivyo kali: sukari, bila shaka! Akawa anakisimulia kisa hicho jukwaani, watu wanacheka, hadi siku moja akaona hadithi haihitajiki tena, neno lenyewe linatosha. "¡Azúcar!" Kwa kinywa cha mwanamke mweusi wa Kuba neno hilo halikuwa la kahawa peke yake. Mashamba ya miwa ndiyo yaliyowafikisha wazee wake kisiwani pale, wakiwa na minyororo.

Heshima zilipoanza kuja zilikuja kwa mkupuo: nyota ya Hollywood mwaka 1987, udaktari wa heshima wa Yale mwaka 1989, nishani ya taifa ya sanaa kutoka kwa Rais Clinton mwaka 1994. Hata baada ya kifo, mwaka 2024, Marekani iliweka sura yake kwenye sarafu ya robo dola, na ukelele wake ukachorwa humo. Mimi navutwa zaidi na viatu vyake vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, kazi ya fundi Miguel Nieto wa Mexico. Soli imenyanyuka juu sana upande wa vidole, na chini ya kisigino hakuna kitu, hewa tupu. Bibi wa miaka sabini alisimama juu ya hivyo saa nzima na zaidi, akicheza.

Mwaka 1998 alitoa "La vida es un carnaval", 2001 "La negra tiene tumbao", akiwa amechanganyika na warapa wa umri wa wajukuu. Desemba 2002 alipasuliwa uvimbe kwenye ubongo. Mapema mwaka 2003 akarudi studio kukamilisha albamu ya mwisho, "Regalo del alma". Alifariki nyumbani kwake Fort Lee, New Jersey, tarehe 16 Julai 2003, akiwa na miaka 77. Mwili ulipelekwa kwanza Miami, Wakuba wa uhamishoni wakapanga foleni kumuaga, kisha ukarudishwa New York.

Mwaka 1990 alikuwa amealikwa kuimba katika kambi ya jeshi la Marekani huko Guantánamo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga kisiwa kile tangu alipofungiwa mlango, na ilikuwa mara ya mwisho. Alisogea hadi kwenye uzio unaoitenganisha kambi na Kuba, akainama, akapitisha mkono chini yake, akachota udongo wa upande wa pili. Aliutia kwenye mfuko, akaondoka nao, akautunza miaka 13. Udongo huo alizikwa nao, makaburi ya Woodlawn, Bronx.